Boda, mpaka na bodaboda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa Kisumu neno boda halipumziki. Mama wa omena anasema mzigo umekwama boda, mwanawe anaitisha boda ya kwenda Kondele, na mwalimu anataka orodha ya wanafunzi wote ambao ni boda. Kazi yangu ni kuhariri na kupiga chapa maandishi ya Kiswahili, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo huletwa zaidi na makatibu wa steji (vituo vya bodaboda), walimu, watafsiri wa matangazo na wazazi. Nimeyapanga kwa mada. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwingine nitakuelekeza tu.

## Mambo ya msingi

Je, boda ni neno la Kiswahili au ni Kiingereza kilichoharibiwa?

Ni Kiswahili. Limetoka kwa neno la Kiingereza *border*, hilo halina ubishi, lakini limeshaingia katika ngeli, linarudufiwa, na linazaa maneno mengine. Kiswahili kilipata shule kutoka Kijerumani, meza kutoka Kireno na duka kutoka Kihindi, na hakuna anayeyaita maneno hayo uharibifu. Boda imefuata njia hiyohiyo. Kinachotakiwa ni kuliandika vizuri na kujua mahali pake, kwa sababu kuna mahali ambapo halifai kabisa (tazama swali la mpaka wa shamba).

Mbona r ya mwisho imepotea?

Haikupotea, haikufika. Waingereza ambao matamshi yao yalisikika huku hawaitamki r ya mwisho wa neno kama *border*. Aliyelisikia alisikia "boda", akalitamka hivyo, na baadaye likaandikwa hivyo. Ndivyo tulivyopata kona, oda, poda na tenda. Ukiandika "borda" kwa kutaka kuonekana msomi, umeandika neno ambalo halipo katika lugha yoyote ya hapa.

Border na boarder zina tofauti gani?

Hili ndilo swali linaloongoza, na lina haki ya kuulizwa, kwa sababu masikio hayasaidii: maneno yote mawili hutamkwa "boda". Tofauti iko kwenye maandishi na kwenye maana.

Anza na *board*. Katika Kiingereza cha kale *bord* ni ubao. Ubao ukawekewa miguu ukawa meza. Chakula kinacholiwa mezani nacho kikaitwa hivyo, na mtu anayelipia chakula na malazi akawa *boarder*. Kutoka hapo tukapata shule za bweni na wanafunzi wake. Watu walioizunguka meza kufanya uamuzi nao wakaitwa *board*, na sisi tukaita bodi. Pia ubavu wa meli uliitwa jina hilo. Ndiyo maana hadi leo Kiingereza kinatumia *board* kwa kupanda meli, na sasa ndege, na abiria anayepanda anaweza kuitwa *boarder* vilevile.

*Border* lilipitia Kifaransa, ambako *bord* ni ukingo. Kwa hiyo lina maana ya ukingo wa nchi, ukingo wa kitambaa, ukingo wa picha, au ukanda wa maua pembezoni mwa bustani.

Kuna njia rahisi ya kukumbuka: pakiwa na kitanda, sahani au ubao, a ipo. Pakiwa na ukingo, a haipo. Ukiandika kwa Kiingereza tangazo la kuwataka wanafunzi wa bweni waripoti Jumatatu, ukasahau a, umeiita mipaka ya nchi iripoti Jumatatu na magodoro yake.

Na bodi? Mbona ina maana nyingi hivyo?

Kwa sababu maneno mawili ya Kiingereza yamekutana katika sauti moja ya Kiswahili. Bodi ya shule, bodi ya hospitali na Bodi ya Nafaka zimetoka kwa *board*. Bodi ya gari imetoka kwa *body*, yaani mwili. Fundi wa jua kali Nakuru akikwambia "bodi imepinda" anazungumzia mabati ya gari lako. Sentensi yenyewe hutosha kuonyesha ni ipi, ila katika barua rasmi taja jina kamili la bodi mara ya kwanza. Ubao wa darasani ubaki ubao.

## Boda na mpaka

Niseme lini boda, na lini niseme mpaka?

Sikiliza wanaoishi Busia wanavyosema, utaipata kanuni bila kufundishwa. Mpaka ni mstari. Boda ni mahali. Mpaka wa Kenya na Uganda unafuata mito kwa sehemu kubwa ya upande huu: Sio, Malaba, Lwakhakha, kisha unapanda Mlima Elgon. Hakuna anayesema boda inafuata mto. Boda ni pale penye geti, ofisi za forodha, foleni ya malori, mama wa ndizi, na wabadilishaji pesa wenye mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi. Mtu anapopiga simu kusema "niko boda", hajasimama juu ya mstari. Yuko katika mji unaoishi kwa sababu ya mstari huo.

Ndiyo maana tunasema boda ya Busia, boda ya Malaba, ya Lwakhakha kule Bungoma, ya Suam kule Trans Nzoia, na ya Isebania upande wa Tanzania. Lakini mvutano kati ya Kenya na Uganda kuhusu kisiwa cha Migingo ni mzozo wa mpaka. Kule ziwani hakuna geti. Kuna maji, samaki na mstari kwenye ramani.

Katika maandishi rasmi tumia mpaka kwa mstari, na kituo cha mpakani kwa ofisi. Katika hadithi, tangazo la redio au mazungumzo, boda ni sahihi na lina uhai kuliko kituo cha mpakani.

Kituo cha pamoja cha mpakani ni kitu gani?

Ni mpango ambao msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande anaoingilia, na maafisa wa nchi zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Zamani ulipigwa muhuri wa kutoka upande huu, ukatembea, ukapigwa wa kuingia upande ule. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Nakitaja kwa sababu watafsiri hukwama hapa na kuandika "kituo cha mpaka cha kusimama kimoja", maneno ambayo mwenye lori hawezi kuyaelewa. Kituo cha pamoja cha mpakani kinatosha.

Mpaka si ndilo neno la "hadi"? Halichanganyi?

Ni neno hilohilo, na linafanya kazi mbili. "Tulitembea mpaka Ahero" na "tulifika mpaka wa nchi" hutofautishwa na upatanisho: likiwa nomino linapata *wa*, *u-*, *huu*, na wingi wake ni mipaka. Tatizo hutokea pale maneno yanapokaribiana, kama "alikwenda mpaka mpakani". Hapo weka hadi, uandike "alikwenda hadi mpakani", na msomaji hatakwama.

Mpaka wa shamba naweza kuuita boda?

Usifanye hivyo, hasa katika karatasi. Huku magharibi mpaka wa shamba ni jambo la damu na urithi. Wazee huujua kwa safu ya mnyaa au mkonge uliopandwa na babu, Wajaluo huuita *kiewo*, na mpima ardhi huweka bikoni. Makubaliano ya kuuziana au kugawana ardhi yakiandika "boda ya shamba", unampa wakili wa upande wa pili nafasi ya kuuliza ulimaanisha mstari, ukanda wa ua, au eneo lililo kando yake. Andika "mpaka", taja alama zilizopo (bikoni, mnyaa, mto, barabara), na taja upande: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Nimeona jirani na jirani wakiacha kusalimiana kwa sababu ya hatua mbili za ardhi; katika suala hili neno lililo wazi ni sehemu ya amani yao.

Ni kweli Kisumu ilikuwa ng'ambo ya boda?

Ni kweli, na watu wengi hushangaa. Mpaka wa mwaka 1902 ndio uliofanya eneo hili liwe upande wa Kenya. Kabla yake, sehemu hii, pamoja na Bonde la Ufa hadi Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika ufukweni mwa ziwa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ilikuwa imefika Uganda kweli, na jina lake, Reli ya Uganda, halikuwa na kosa. Miezi michache baadaye mkoa huo ukahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Watu hawakuhama. Wasamia na Wateso bado wako pande zote mbili, na harusi zao huvuka boda kila mwaka.

## Bodaboda

Neno bodaboda lilianzia wapi?

Lilianzia Busia, kwenye boda yenyewe, na hili ni jambo ambalo watu wa huku tunapaswa kulisema kwa sauti. Katika miaka ya 1960 na 1970, kati ya geti la Kenya na geti la Uganda palikuwa na kipande cha ardhi ambacho matatu na mabasi hayakukivuka bila karatasi nyingi. Msafiri alishushwa upande mmoja, na mbele yake akawa na mwendo wa miguu, mzigo kichwani, mtoto mgongoni. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Walimpakia msafiri na mzigo wake kutoka boda hii hadi boda ile, wakiita abiria kwa kelele: boda, boda! Wito ukawa jina la kazi, kisha jina la chombo, kisha jina la mtu.

Wengine wanasema neno limerudiwa tu kwa sababu Waswahili wanapenda kurudia. Urudufishaji tunao kweli, pikipiki na polepole ni ushahidi, lakini katika bodaboda kila boda inasimamia geti halisi: moja ya Kenya, nyingine ya Uganda.

Kutoka hapo baiskeli zikasambaa Uganda nzima, na upande huu zikaja Bungoma, Kakamega na Kisumu. Uganda ilitangulia kuhamia pikipiki. Kwetu pikipiki ziliongezeka kwa kasi baada ya serikali kuziondolea kodi zile zenye injini ndogo, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Leo neno lililozaliwa kwa baiskeli za Busia linatumika Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, na wengi wanaolitumia hawajawahi kuiona Busia.

Niandike bodaboda, boda boda au boda-boda?

Kwa Kiswahili andika bodaboda, neno moja, kama unavyoandika pikipiki na polepole. Boda boda, maneno mawili, ndiyo tahajia iliyozoeleka katika Kiingereza cha Kenya, na utaiona mgongoni mwa rifleta (jaketi zinazong'aa) na kwenye vyeti vya usajili. Ikiwa chama chako kimesajiliwa kwa jina la maneno mawili, liache jina hilo lilivyo kila unapolitaja, kwa kuwa benki italinganisha herufi kwa herufi. Maandishi yaliyobaki yafuate tahajia ya Kiswahili. Kistari hakina kazi hapa.

Boda peke yake, kwa maana ya pikipiki, ni ya mazungumzo. Katika insha iweke ndani ya usemi wa mhusika.

Bodaboda ni chombo, ni mtu, au ni kazi?

Ni vyote vitatu, na upatanisho ndio unaotenganisha.

Chombo huwa katika ngeli ya I-ZI: bodaboda *imeharibika*, bodaboda *mbili zimegongana*. Mtu huchukua upatanisho wa watu: bodaboda *wangu amefika*, bodaboda *wawili wamegombana*. Ukisema "bodaboda imenitukana" umeilaumu pikipiki. Kazi pia ni I-ZI: bodaboda *imewasomeshea* watu wengi watoto.

Kwa maandishi rasmi andika mwendeshaji wa bodaboda, au mhudumu wa bodaboda kama magazeti yanavyopenda. Mimi napendelea mwendeshaji, kwa kuwa linataja ujuzi. Katika katiba ya chama, fafanua mwanzoni kabisa: "Katika katiba hii, bodaboda ni pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo, mwendeshaji ni mwanachama anayeiendesha, mmiliki ni mwenye pikipiki." Waendeshaji wengi huendesha pikipiki za wengine na kupeleka hesabu jioni. Katiba isiyotenganisha mwendeshaji na mmiliki huleta ugomvi siku ya kwanza ya ajali, wakati kila mtu anauliza nani atalipa hospitali.

Na wingi wake? Mabodaboda?

Mabodaboda husikika kwa watu, na kwenye mazungumzo halina shida. Kwa chombo wingi haubadiliki: bodaboda tatu. Kwa mpakani sema boda mbili. "Maboda" husikika pia mitaani, ila sipendekezi kuliandika.

Baiskeli bado ni bodaboda?

Kisumu, ndiyo. Kabla pikipiki hazijafurika, baiskeli ndizo zilizobeba mji huu, na mpaka leo utazikuta: karia ya nyuma imewekewa kigodoro cha sponji kilichovikwa rekseni, nyuzi za rangi zikining'inia pembeni, na vyuma viwili vimechomelewa karibu na ekseli ya nyuma vya abiria kuwekea miguu. Mzee anayeiendesha hujiita bodaboda, na ana haki ya kwanza ya jina hilo. Ukitaka kutofautisha, sema boda ya baiskeli na boda ya pikipiki.

Nduthi, piki, bajaji: ni kitu kimoja?

Nduthi imetoka Gikuyu, ina nguvu Nakuru na Nairobi, na ni pikipiki yoyote, ya biashara au ya nyumbani. Piki ni ufupisho tu wa pikipiki. Bajaji ni jina la Tanzania kwa gari la magurudumu matatu; Kisumu tunaita tuktuk. Ukimwandikia msomaji wa Mwanza kuhusu tuktuk za Kisumu, litaje jina la kwao mara moja. Vilevile steji ya kwetu kwao ni kijiwe.

Kumwita mtu bodaboda ni dharau?

Neno lenyewe halina dharau. Sauti ndiyo inayoweza kuwa nayo. Ukiwa kwenye steji, mwite kwa heshima ya umri kama mtu mwingine yeyote: kaka, ndugu, mzee, baba, na wanawake wanaoendesha, maana wapo, ni dada au mama. Mzoea anaweza kumwita *omera*, yaani ndugu kwa Kijaluo, na akaitikiwa vizuri. Kinachoumiza ni kuandika "bodaboda" kama kisawe cha mhalifu, kama ripoti nyingi zinavyofanya: "bodaboda wamevamia". Ikiwa watu wanne wamevamia, waandike watu wanne. Hawa ndio wanaompeleka mama mjamzito kliniki saa nane za usiku, mahali ambapo gari haliingii.

## Shule, nguo na karatasi

Mwanafunzi wa bweni ni boda?

Shuleni husemwa hivyo kila siku, boda na deskola, na wanafunzi wanaelewana. Kwenye barua ya mwito, fomu ya karo na ripoti andika mwanafunzi wa bweni na mwanafunzi wa kutwa. Mzazi aliyeishi maisha yake yote Malaba anaweza kusoma "ada ya boda" akadhani ni ushuru. Shule yenyewe ni shule ya bweni, hata kama wote tunaiita bodingi.

Boda ya leso inaitwaje?

Pindo. Leso ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi. Maneno haya yapo, ni mazuri, na muuzaji yeyote wa leso anayajua. Sioni sababu ya kusema boda ya leso.

Na boda ya ukurasa?

Nafasi nyeupe kando ya daftari ni pambizo. Mstari wa urembo unaozunguka cheti au kadi ya harusi mafundi wa uchapaji huuita boda, na sitawapinga. Fremu pia hueleweka.

## Matatizo ya pembeni

Simu yangu hubadilisha boda kuwa "body". Nifanyeje?

Weka kibodi ya Kiswahili kwenye mipangilio, au zima masahihisho ya kiotomatiki. Kisha soma tena kabla ya kutuma, hasa ujumbe wa dharura. "Body iko njiani" si ujumbe unaotaka kumtumia mama anayemsubiri mtoto wake, kwa kuwa katika Kiingereza *body* ni maiti pia.

Nitafsirije maneno ya Kiingereza yenye border ndani yake?

Tafuta maana kwanza. Biashara kati ya nchi jirani ni biashara ya mpakani, au ya kuvuka mpaka. Kenya na Uganda zinapakana. Kitendo kinachokaribia matusi kinakaribia matusi, hakipakani nayo. Mwanafunzi ambaye alama zake ziko juu kidogo ya kiwango cha kufaulu "amepita kwa shida". Njia za magendo zisizopitia getini ni njia za panya, na jina hilo linajulikana kuanzia Busia hadi Isebania.

Sentensi moja ina boda za aina mbili au zaidi. Nitaandikaje?

Ipe kila maana neno lake. Mteja mmoja aliniletea hii: "Boda alimtoa boda boda akamfikisha shule." Alimaanisha hivi: "Mwendeshaji wa bodaboda alimchukua mwanafunzi wa bweni mpakani, akamfikisha shuleni." Ya kwanza inaeleweka kwa watu wa steji moja. Ya pili inaeleweka hata ofisini kwa mkuu wa shule, ambako barua ilikuwa inapelekwa.